Usidharau wembamba wa reli: historia ya risasi, kutoka gobore la Unyamwezi hadi tembo wa Karamoja

Nikianza na aibu yangu mwenyewe, najua utanivumilia.

Mwishoni mwa mwaka nilirudi nyumbani Nyahanga, hapa Kahama, kupumzika kidogo baada ya kukabidhi tasnifu ya uzamili. Jioni ya pili nikaenda kijiweni kunywa kahawa. Vijana wa bodaboda walikuwa wametoka kuangalia filamu ya mapigano na ubishi ulikuwa umepamba moto: risasi gani inapenya zaidi, ile nene au ile nyembamba? Mmoja akanigeukia: "Msomi huyu hapa, atuamulie."

Nikajibu kwa kujiamini. Nikawaambia kitu kizito kina nishati nyingi, na chenye nishati nyingi ndicho kinachopenya, kwa hiyo risasi nene inashinda. Nikaongeza na fomula ya nusu ya tungamo mara kasi ya kipeo cha pili, maana ukishasoma lazima ionekane.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja ambaye miaka ya themanini alikuwa sungusungu. Kama hujui, sungusungu walianza huku huku kwetu, maeneo ya Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi. Silaha zao zilikuwa upinde na mshale. Mzee akaweka kikombe chini, akasema taratibu: "Mwanangu, mshale hauna baruti. Hauna hiyo nishati yako. Sasa mbona unatoboa?"

Kijiwe kizima kikacheka. Nilikuwa sina jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na makala hii ndiyo jibu lenyewe. Nilidhani nitaandika fizikia tupu, lakini kila nilipogusa nikakuta historia yetu: Mirambo, Maji Maji, pembe za ndovu, na mkutano mmoja wa Ulaya ambao nina hakika shuleni hukufundishwa.

Moko na nyundo

Tuanze na kitu ambacho mtu yeyote wa ukanda wa dhahabu anakijua. Mchimbaji akishuka kwenye duara anashika nyundo na moko, ile tindo ya chuma yenye ncha. Kwa nini asipige mwamba moja kwa moja kwa nyundo? Nyundo ni ile ile, mkono ni ule ule, nguvu ni ile ile. Tofauti ni kwamba uso wa nyundo unatawanya nguvu kwenye eneo kubwa, na moko unaikusanya yote kwenye eneo dogo. Mwamba unashindwa na nguvu iliyokusanywa.

Risasi nayo iko hivyo. Ikiingia kwenye kitu, iwe mbao, udongo au nyama, kile kitu kinaikataa. Ukinzani huo unategemea sana ukubwa wa uso wa mbele wa risasi: uso mpana unasukuma vitu vingi zaidi pembeni, kwa hiyo unazuiwa zaidi. Kinachoisukuma risasi iendelee ni uzito wake na kasi yake. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nyuma ya kila sentimita moja ya mraba ya uso wa risasi, kuna gramu ngapi?

Ukishapata namba hiyo una nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kasi, na je, risasi inabaki na umbo lake au inabondeka njiani? Shika mambo hayo matatu, maana historia yote inayofuata imejengwa juu yake: gramu kwa kila sentimita ya mraba, kasi, na kubaki na umbo.

Gobore, na neno lenyewe "risasi"

Umewahi kujiuliza kwa nini Kiswahili kina neno moja tu kwa vitu viwili? Risasi ni ile metali laini ya kijivu iliyomo kwenye betri za magari, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu. Lugha imehifadhi kumbukumbu ya zama ambazo viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja: unayeyusha risasi, unaimimina kwenye kalibu, inatoka gololi, unaishindilia kwenye gobore.

Magobore yaliingia huku bara kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora kwenda Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga, bunduki na baruti vikapanda. Katikati ya karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na vyama vya wawindaji wa tembo, na kwa Wasukuma waliitwa bayege. Mtawala aliyeielewa vizuri zaidi biashara hiyo ni Mirambo wa Urambo, kusini-magharibi mwa hapa. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na akawafungia njia ya msafara. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwepo, akajiunga na upande wa Waarabu, na upande wake ukapigwa. Baadaye Stanley huyo huyo akamfananisha Mirambo na Napoleon. Wapiganaji wa Mirambo, rugaruga, walibeba mikuki na magobore.

Sasa hebu tulipime gobore kwa ile namba yetu. Chukua gololi ya risasi yenye kipenyo cha milimita 16. Uzito wake ni kama gramu 24. Uso wake wa mbele ni sentimita 2 za mraba. Gawanya: gramu 12 kwa kila sentimita ya mraba.

Na risasi ikikosekana? Watu walishindilia vipande vya chuma, misumari, hata kokoto. Kokoto la ukubwa ule ule lina takriban gramu 3 tu kwa sentimita ya mraba, maana jiwe ni jepesi mara nne hivi kuliko risasi. Ndiyo maana kokoto linaweza kukujeruhi vibaya ukiwa karibu lakini likichoka haraka hewani.

Gololi ina udhaifu wa maumbile. Ni duara, kwa hiyo huwezi kuirefusha. Ukitaka iwe nzito zaidi lazima uinenepeshe, na ukiinenepesha uso wa mbele nao unakua. Unaongeza mzigo na kikwazo kwa pamoja. Njia ya kutoka kwenye mtego huo ni moja: iache iwe nyembamba, irefushe kwenda nyuma. Lakini risasi ndefu ikirushwa kwenye mtutu laini inapinduka-pinduka hewani kama kijiti. Inabidi izungushwe kama pia ili itulie, na ili izunguke lazima mtutu uchongwe mifereji ya kujipinda ndani yake.

Hiyo mifereji ndiyo iliyogawa dunia.

Mkutano wa Brussels

Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, madola ya Ulaya na mengineyo yalisaini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa barani Afrika. Lengo hilo lilikuwa jema, na vitabu vingi huishia hapo. Lakini soma vifungu vya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, uingizaji wa bunduki za kisasa ulipigwa marufuku isipokuwa kwa serikali za kikoloni na watu waliopewa kibali. Bunduki ambazo zingeweza kuendelea kuuzwa kwa masharti ni zile za kizamani za jiwe la cheche, zenye mtutu usio na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Umeelewa kilichotokea? Ile namba yetu ya 12 iligeuzwa kuwa sheria. Mwafrika aliruhusiwa gololi. Risasi ndefu inayozunguka ilibaki kwa aliyeshika serikali.

Miaka 15 baadaye matokeo yakaonekana. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya Wajerumani na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ametoa dawa ya maji, na watu waliamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vikasambaa kusini yote. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobore.

Askari wa Wajerumani walibeba bunduki ya modeli ya 1871. Kwa Ulaya ilikuwa imeshapitwa na wakati, ilitumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Lakini risasi yake ilikuwa ndefu, ya gramu 25, nene milimita 11 na ushei, ikitoka kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde. Ipime: karibu gramu 25 kwa kila sentimita ya mraba. Mara mbili ya gobore, ingawa uzito wa risasi zenyewe ni karibu sawa. Gramu 24 za gololi, gramu 25 za risasi ndefu, na tofauti kubwa ni umbo. Ongeza bombomu, na unaelewa kilichotokea Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, maelfu waliposhambulia boma na kufyekwa.

Tunapofundishwa habari ya maji, mara nyingi darasa linacheka, kama vijana wa kijiwe walivyonicheka mimi. Mimi sicheki tena. Fikiria mtu aliyezijua silaha za moto kupitia gobore. Alijua kwamba gobore hukosea, kwamba baruti ikilowa haiwaki, kwamba ukiwa mbali gololi hufika imechoka. Kuna maisha ambayo wazo la risasi kushindwa halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Huo ni mtazamo wangu, siyo ushahidi wa wanahistoria. Lakini ukizingatia sheria ya 1890, watu wale walinyimwa hata nafasi ya kuzoea silaha ambayo wangekutana nayo. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye, wakihesabu njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa, wamefikia hadi 250,000 na 300,000.

Robo ratili ya risasi dhidi ya gramu 11

Turudi kwa tembo, maana kwa tembo ndipo mjadala wa kupenya ulipojaribiwa hadi mwisho. Fuvu la tembo ni pana na nene, lakini ndani limejaa vyumba vidogo vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo umejificha nyuma na chini, mdogo sana ukilinganisha na kichwa. Risasi isiyofika huko inamwacha mnyama na maumivu na hasira.

Wawindaji wa Kizungu wa zamani walifikiri kama nilivyofikiri mimi kijiweni: ongeza unene. Frederick Courteney Selous, ambaye jina lake lilipewa pori letu la akiba la kusini, alianza uwindaji wake kusini mwa Afrika miaka ya 1870 akiwa na bunduki za kushindilia mdomoni zilizorusha gololi la robo ratili, yaani gramu 113, nene kama milimita 27. Bunduki hizo zilimpiga bega kiasi kwamba baadaye alijuta kuzitumia. Lipime gololi hilo: gramu 20 kwa sentimita ya mraba. Ni zaidi ya gobore, ndiyo, lakini uzito umeongezeka karibu mara tano na namba yetu haijafika hata mara mbili. Ule mtego wa duara niliokuambia.

Kisha akaja kijana wa Kiskoti, Walter Bell. Alizaliwa 1880 na akafika Afrika Mashariki akiwa bado mvulana, wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, ambako alipata kibarua cha kupiga simba waliowasumbua wafanyakazi. Kuanzia 1902 akaelekea Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Wenzake walibeba mizinga. Yeye akapenda bunduki nyepesi ya milimita 7 iliyotengenezwa kwa mfumo wa Mauser. Risasi yake ilikuwa ya gramu 11.2 tu, ndefu, ncha ya mviringo, na imevikwa koti gumu la metali kuanzia mbele.

Gramu 11.2, uso wa sentimita 0.41 za mraba. Unapata zaidi ya gramu 27.

Ona sasa: gololi la Selous lina uzito mara kumi ya risasi ya Bell, lakini nyuma ya kila sentimita ya mraba risasi ya Bell ina mzigo mkubwa zaidi. Juu ya hapo inakwenda kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, na ile koti inaizuia isibondeke kwenye mfupa. Yale mambo matatu yote yametimia. Wahenga wa mjini wanasema usione wembamba wa reli, treni inapita.

Bell hakutegemea fizikia peke yake. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo uko wapi hasa kutoka kila upande. Hilo ni la kuzingatia, kwa sababu wapo walioiga bunduki yake bila elimu yake, na tembo wakateseka. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kulipia leo zinadai kipenyo kisichopungua karibu milimita 9.5 kwa wanyama wakubwa. Risasi ya kawaida ya kipenyo hicho ina gramu 19 na ushei. Nilipoigawanya nikapata 27 tena. Yaani sheria imenenepesha risasi lakini ile namba imebaki pale pale alipoifikisha Bell.

Na hapa ndipo hesabu inapoacha kuwa tamu. Kwa risasi hizo nyembamba Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake. Kifo cha kila mmoja kilikuwa cha haraka kuliko zama za magololi, na ndiyo maana wangapi walikufa. Silaha inayopenya vizuri haina risasi nyingi za kupoteza. Kwetu Tanzania, sensa zilionesha tembo wakishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na mfumo ikolojia wa Selous ni miongoni mwa iliyopigwa vibaya zaidi. Selous mwenyewe amezikwa humo humo, Beho Beho, alikouawa na risasi ya upande wa Wajerumani tarehe 4 Januari 1917. Leo eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Ubishi wa The Hague

Unaweza kudhani kila mtu alitaka risasi inayopenya. Hapana. Koti la metali lilipoanza kutumika kwenye bunduki za Waingereza, askari wao walilalamika baada ya vita vya Chitral mwaka 1895, kwenye mpaka wa India: risasi nyembamba inapita upande wa pili na adui anaendelea kuja. Kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kikatoa jibu: vua koti kwenye ncha, acha risasi laini wazi. Ikigonga mwili inachanua kama uyoga. Uso wa mbele unatanuka, ile namba inashuka ghafla, risasi inasimama ndani na kidonda kinakuwa cha kutisha.

Mwaka 1899, kwenye mkutano wa amani wa The Hague, mataifa yalijadili kuzipiga marufuku. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea. Hoja yake kwa ufupi: askari wa nchi iliyostaarabika akipigwa risasi ndogo anajua ameumia na anarudi nyuma, lakini "mshenzi" anaendelea kushambulia. Marufuku ilipita hata hivyo, na Uingereza ikaikubali mwaka 1907. Lakini ilihusu vita baina ya nchi zilizosaini. Mmatumbi na Mngoni hawakuwa wamesaini kitu.

Unaona jinsi umbo la ncha ya risasi, kitu cha milimita chache, lilivyobeba swali la nani ni binadamu kamili?

Na bastola je?

Vijana wa kijiweni walianzia kwenye filamu, na filamu ni bastola. Basi tuzipime nazo, hesabu itakushangaza.

Risasi ya bastola ya milimita 9, aina iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902, huwa na gramu 8 hivi. Hiyo ni gramu 12.6 kwa sentimita ya mraba. Ndiyo, umesoma sawasawa: karibu sawa na gololi ya gobore la milimita 16. Risasi za bastola ni fupi na nene, na kasi yake ni kama mita 350 kwa sekunde, nusu ya bunduki ya Bell. Katika kipenyo hicho hicho cha milimita 9 zipo nyepesi za gramu 7.5, zinazotoa 11.7, na nzito za gramu 9.5, zinazotoa karibu 15. Risasi nene ya milimita 11.5 ya bastola ya jeshi la Marekani ya 1911 ina gramu 15, lakini namba yake ni 14 tu. Umeona: risasi nzito ya milimita 9 inailingana, hata kuizidi kidogo.

Polisi wa nchi nyingi hutumia risasi yenye tundu kwenye ncha, inayochanua kama ile ya Dum Dum, kwa sababu inapunguza hatari ya kutokea upande wa pili na kumpata mpita njia. Lakini angalia gharama. Risasi ya gramu 8 ikichanua kutoka milimita 9 hadi 15, ile namba inaporomoka kutoka 12.6 hadi 4.5. Tena risasi nyepesi yenye kasi kubwa huchanua mapema na kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inaweza kusimama mapema kuliko nzito ya polepole. Haraka haraka haina baraka, hata kwa risasi.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili. Risasi moja nyepesi ya milimita 9, yenye ncha ya kuchanua, ilimpata jambazi mapema kabisa, ikapita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kufika kwenye moyo. Aliendelea kupiga, na maofisa wawili wakafa. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo: kwenye jelatini maalumu inayoiga nyama, risasi ipenye angalau sentimita 30 na isizidi 46. Isikae juu juu, isitoke upande wa pili. Ukitafakari, ni ubishi ule ule wa Chitral na The Hague, safari hii umewekewa rula.

Mshale wa mzee

Sasa deni langu la kijiweni. Tuchukue mshale wa gramu 30, wenye mti wa unene wa milimita 9. Uso wake wa mbele ni sawa na wa risasi ya bastola, lakini umebeba uzito karibu mara nne, kwa sababu umerefuka kwenda nyuma.

Tuzipange zote, gramu kwa kila sentimita ya mraba:

- Kokoto kwenye gobore: 3
- Gololi ya risasi ya milimita 16: 12
- Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9: 12.6
- Gololi la robo ratili la Selous: 20
- Risasi ya askari wa Kijerumani, modeli ya 1871: 25
- Risasi ya Bell: 27
- Mshale: 47

Mshale unaziacha zote nyuma. Kasi yake ni ndogo, labda mita 50 kwa sekunde, na nishati yake ni kidogo mno ukiilinganisha na risasi. Lakini uzito wake umekusanywa, umbo lake halibondeki, na chembe yake inakata badala ya kusukuma. Waata wa maeneo ya Tsavo, nchini Kenya, waliwinda tembo kwa pinde ndefu ngumu na mishale ya sumu. Sumu ndiyo iliyoua, lakini lazima kwanza kitu kiipitishe kwenye ngozi ya tembo, na kilichoipitisha ni mshale.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimeshika fomula sahihi kwa swali lisilo lake. Nishati inakuambia kazi kiasi gani inaweza kufanyika. Haikuambii itafanyika wapi, kama itakusanyika kwenye ncha au itatawanyika.

Kabla sijarudi chuoni nilipita kijiweni nikamweleza yote haya, na 47 yake nikamwandikia nyuma ya risiti. Akaiangalia sana ile karatasi. Kisha akasema, kipindi kile wezi walikuwa na bunduki na wao wana mishale, na kati ya wenzake aliotoka nao usiku wapo ambao hawakurudi. "Namba yako ni nzuri," akasema, "lakini yule mwenye bunduki alikuwa anaanza kupiga akiwa mbali."

Ndiyo hivyo. Mshale unapenya ukifika. Sheria ya Brussels ilihusu hilo hilo: nani anafika kwanza. Ukikutana na mtu anayekuambia risasi kubwa ndiyo inayopenya, muulize kubwa kwa unene au kwa urefu, na akishajibu, msimulie habari ya mwaka 1890.